Kukagua Land Cruiser ya safari iliyotumika kabla ya kubadilishana: dalili, chanzo na uamuzi

Mtu wa Arusha, Moshi au Nairobi hahitaji kuelezwa gari ninalolizungumzia. Ni Land Cruiser ya familia ya 70, mara nyingi yenye injini ya 1HZ (ya dizeli, silinda sita), bodi imerefushwa, paa linafunguka juu, na ndani kuna friji, betri ya pili, tenki la maji na pengine hema la kukunja juu ya paa. Likishabeba wageni miaka kadhaa Serengeti, Tarangire au Maasai Mara, kampuni hulitoa sokoni. Wengi wetu tunalitaka kwa ajili ya familia: kulala porini na watoto, kufika Ziwa Natron au Mikumi bila kuwaza pa kulala. Na kwa kuwa fedha taslimu ni ngumu, biashara nyingi huwa za kubadilishana: unatoa Prado au Noah yako, unaongeza hela juu, unaondoka na gari la kambi.

Kubadilishana kunataka macho zaidi kuliko kununua. Gari lako unalijua hadi mlio wa mlango wake, la mwenzako hulijui, na kila kasoro utakayoipita inahamia kwako huku kiasi unachoongeza kikibaki palepale. Kwa hiyo kila dalili unayoiona lazima iishie mahali pamoja kati ya pawili: ama inapunguza hela unayoongeza, ama inakufanya uachane na gari.

Nina msimamo mmoja katika jambo hili. Watu wanatumia muda mwingi mno kusikiliza injini, na muda mchache mno kukagua kilichokatwa na kilichoongezwa. Injini ya 1HZ inajulikana na mafundi kila mji, vipuri vyake vinapatikana, na ikiharibika inafunguliwa na kufungwa. Chesisi iliyoungwa vibaya, paa lililooza kwa maji na ushuru ambao haukulipwa havina fundi wa haraka.

Kabla hujaenda, mwombe mwenye gari mambo matatu: asiwashe injini siku hiyo, asiwashe friji, na asilioshe gari. Beba tochi yenye nguvu, kitambaa cheupe, sumaku ndogo, futi ya kupimia, nyundo ndogo, mita ya umeme, maji ya sabuni kwenye chupa, na nguo za kulalia chini. Nenda asubuhi.

Umefika na boneti ni ya moto

Weka kiganja juu ya boneti, kisha karibu na rejeta. Kukiwa na joto, kuna mtu alishaliwasha. Huenda alilihamisha tu kutoka nyuma ya nyumba, huenda anaficha kuwaka kwa shida. Usibishane. Endelea na uvungu, paa na karatasi, na injini uiombee asubuhi nyingine. Mtu anayekataa siku ya pili amekupa jibu.

Uvungu ulioshwa hadi kung'aa nao una maana yake: uvujaji wote umefutwa. Hapo endesha gari nusu saa nzima kwenye barabara ya vumbi, kisha lala chini tena uangalie.

Linawaka kwa shida likiwa baridi

Sikiliza starta kwanza. Ikizunguka polepole, tatizo ni betri, waya au starta yenyewe, na hayo ni madogo. Ikizunguka kwa kasi lakini injini inachelewa, kisha inashika kwa kutetemeka na kutoa moshi mweupe unaowasha macho, mara nyingi ni hita plagi. Zipo sita, moja kwa kila silinda, na fundi umeme anazipima moja moja kwa mita. Ni gharama ya kuvumilika.

Likiwaka vizuri halafu likazima baada ya muda mfupi, shuku hewa kwenye njia ya dizeli. Kuna pampu ndogo ya mkono juu ya chujio la dizeli. Ibonyeze. Ikiwa laini, ukaibonyeza mara kadhaa ikakaza, na gari sasa likawaka bila shida, basi hewa inaingia mahali fulani: mpira wa dizeli uliopasuka, klipu iliyolegea, au pampu hiyohiyo ya mkono kuchoka.

Hita plagi zikiwa nzima na dizeli haina hewa, lakini bado linawaka kwa tabu, kinachobaki ni mgandamizo kushuka ndani ya silinda. Hapo usikisie. Lipa fundi apime mgandamizo wa silinda zote sita, kwa kuwa tofauti ya bei kati ya hita plagi na kufungua injini ni kubwa kupita kiasi.

Moshi

Moshi mweusi kidogo wakati wa kupanda mlima si ugonjwa. 1HZ haina tabo (turbo, kifaa cha kusukumia hewa ya ziada kwenye injini), hewa ya juu ni nyepesi, na ukingo wa Ngorongoro uko kwenye mita 2,300 hivi. Unaotakiwa kukutisha ni mweusi mzito kwenye barabara tambarare. Anza na chujio la hewa, ambalo kwa gari la mbugani linaziba haraka. Baada ya hapo ni nozeli na pampu ya dizeli. Pampu ni ghali, kwa hiyo usikubali maneno ya "ni chujio tu" kabla chujio halijatolewa mbele yako na moshi kuangaliwa tena.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Uangalie kwa namna hii: shuka mteremko mrefu bila kukanyaga mafuta, gia ikiwa imeshika, kisha ukifika chini kanyaga ghafla huku mwenzako anatazama nyuma. Wingu la bluu linalotoka mara moja na kuisha linaelekeza kwenye sili za valvu. La bluu lisiloisha ni ringi za pistoni. Thibitisha kwa kufungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma taratibu: mvuke kidogo ni kawaida, lakini moshi unaosukuma kwa mapigo na kuinua kifuniko maana yake mgandamizo unapenya kwenda chini.

Mweupe usioisha hata injini ikipata moto, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoungua.

Joto linapanda

Usifungue rejeta ikiwa ya moto, hata mwenye gari akikuhakikishia. Ifungue kabla ya kuwasha. Maji yawe na rangi ya kupozea, yasiwe ya kutu wala na mafuta yanayoelea. Washa gari kifuniko kikiwa wazi, angalia kwa dakika chache za mwanzo: mapovu yanayotoka mfululizo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji, yaani gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi yenyewe imepasuka. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji na oili vimekutana.

Joto likipanda tu wakati gari limesimama au linakwenda polepole kwenye matope, angalia feni. Zima injini, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka kwa wepesi bila ukinzani, klachi ya feni imechoka. Likipanda kwenye mwendo wa kasi, rejeta imeziba. Hayo mawili yanatengenezeka. Hedi iliyopasuka nayo inatengenezeka, lakini hesabu yake iondoe yote kwenye hela unayoongeza, na bado uulize gari liliendeshwa likichemka kwa muda gani.

Taa ya mkanda wa taimingi

Injini hii inatumia mkanda. Ukikatika, valvu na pistoni zinagongana. Kutegemea soko gari lilikotoka, mkanda unabadilishwa kila kilomita 100,000 au 150,000, na taa ya ukumbusho kwenye dashibodi huwaka muda ukifika. Taa inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, kwa hiyo kuzimika kwake si ushahidi. Ushahidi ni risiti yenye tarehe na kilomita. Kama haipo, hesabu mkanda mpya pamoja na tensheni yake kuwa gharama yako ya wiki ya kwanza, na uitoe.

Kilomita zenyewe usizitegemee. Kwenye magari ya zamani ya familia hii mita inaendeshwa na kebo, na kebo inafunguliwa kwa mkono. Tazama raba za pedali, usukani ulivyong'aa, na kiti cha dereva kilivyobonyea upande wa mlangoni. Kilomita 120,000 kwenye dashibodi na pedali iliyobaki chuma haviendani.

Chesisi: dalili ni mstari wa kutu

Hapa ndipo ninapokuomba ulale chini na usiharakishe. Kiwandani, umbali kati ya katikati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni milimita 2,980 kwa HZJ78 (ya bodi iliyofunikwa) na 3,180 kwa HZJ79 (ya pikapu). Ukipata zaidi ya hapo, chesisi ilikatwa ikaungwa. Kurefushwa si kosa, karakana za Arusha na Nairobi zimefanya kazi hiyo miaka mingi na zipo zinazoifanya vizuri sana. Swali ni iliungwaje.

Pima upande wa kulia, kisha wa kushoto. Pande mbili zikitofautiana, magurudumu yakiwa yamenyooka, chesisi imekaa upande au ekseli imehama. Hapo angalia springi za nyuma, zile za vyuma bapa vilivyopangana: boliti ya katikati ikikatika, ekseli nzima husogea bila chesisi kuwa na kosa. Lakini usidanganywe na kitu kimoja: kwa baadhi ya magari yenye springi za koili mbele, ekseli ya nyuma ni nyembamba kuliko ya mbele kwa takriban milimita 95. Kwa magari hayo, magurudumu ya nyuma kukaa ndani karibu sentimita 5 kila upande ndivyo yalivyotengenezwa.

Sasa tafuta kiungo. Mara nyingi kiko nyuma kidogo ya milango ya mbele. Chukua tochi, ilaze iambae na chuma badala ya kumulika moja kwa moja, ili kila kilichoinuka kitupe kivuli. Kazi nzuri utaiona hivi: mkato wa mshazari, bamba la kuimarisha lililorefushwa mbali kila upande wa kiungo, uchomeleaji ulioenda sawa bila matundu, rangi inayoshika. Kazi mbaya ni mkato wa wima ulionyooka na kipande kifupi cha chuma kilichobandikwa juu yake. Nyufa huanzia mwisho wa bamba hilo, pale chuma kinene kinapokutana na chembamba. Hutaona mwanya. Utaona mstari mwembamba wa kutu kwenye rangi, wakati mwingine urefu wa kidole, unaoonekana kama alama ya msumari. Ukwaruze kwa ukucha. Rangi ikibanduka na mstari ukabaki ndani ya chuma, huo ni ufa. Gonga kwa nyundo ndogo mbele ya kiungo, juu yake, kisha nyuma yake: sauti ikifa ghafla mahali pamoja, hapo kuna chuma kilichoachana au puti iliyopakwa juu.

Sehemu nyingine za kufuata kwa tochi ni tatu: pale boksi la usukani linapofungwa kwenye chesisi, masikio ya springi za nyuma, na vishikio vya shokapu. Barabara za mawimbi zinatafuna hapo.

Mwenye gari anaweza kukuambia, "Kaka, hiyo tulishaichomelea, ni imara kuliko mwanzo." Uchomeleaji juu ya uchomeleaji wa zamani, mahali palepale, ni dalili kwamba ufa ulirudi. Ufa mmoja kwenye kishikio cha shokapu nitaujadili kwa bei. Ufa kwenye kiungo cha kurefusha, mimi naondoka.

Jaribio moja la mwisho la bodi: panda tuta kwa gurudumu moja la nyuma ili gari lijipinde, kisha fungua na ufunge milango yote. Milango inayokwama au kujipiga kwenye fremu inaonyesha kwamba bodi imepoteza nguvu.

Mtetemo kati ya kilomita 60 na 80 kwa saa

Gari likirefushwa, propela (mhimili unaozunguka kupeleka nguvu ya injini nyuma) nayo hurefushwa, mara nyingi kwa vipande viwili na beringi katikati. Mtetemo unaosikika sakafuni na kwenye kiti ni propela isiyosawazishwa au beringi hiyo kuisha. Ukisikika mikononi, kwenye usukani, ni magurudumu ya mbele: balansi, tairi lililovimba, au kingipini (pini ambayo gurudumu la mbele hugeukia). Usukani unaocheza kwa nguvu ukigonga shimo, hadi inakubidi upunguze mwendo ili utulie, mara nyingi ni beringi za kingipini zilizolegea pamoja na tairodi endi. Muuzaji atataja shokapu ya usukani. Shokapu mpya huficha mchezo huo kwa muda tu, chanzo kinabaki.

Gurudumu la mbele limelowa kwa ndani

Lala nyuma ya gurudumu la mbele, mwenzako akate usukani hadi mwisho. Utaona duara la chuma linalong'aa, ambalo gurudumu hugeukia. Lifute kwa kitambaa cheupe, kisha sugua ulichofuta kati ya vidole. Grisi nyeusi, nzito, tabaka jembamba: sawa kabisa, ndivyo inavyotakiwa. Ukipata majimaji mepesi yanayotiririka, yenye harufu kali ya oili ya difu, na ukingo wa ndani wa rimu umelowa, basi sili ya ndani ya ekseli imekufa. Oili ya difu imevuka, imeyeyusha grisi, na joinzi (kiungo kinachozungusha gurudumu hata likiwa limekatwa) pamoja na beringi zinakwenda bila grisi ya kutosha.

Kubadilisha sili tu ni kazi ya kawaida. Ila uliza imevuja muda gani, kisha kata usukani hadi mwisho na uendeshe taratibu gari likiwa kwenye gia ya magurudumu manne, juu ya mchanga au changarawe. Mlio wa kak-kak-kak unaofuata mzunguko wa gurudumu ni joinzi zilizolika. Fanya hivyo kulia na kushoto.

Mkiwa bado hapo, jaribu gia ndogo na loki za magurudumu ya mbele. Gari la mbugani ambalo halikuingizwa gia ndogo kwa muda mrefu linaweza kugoma, na mara nyingi hufunguka baada ya kwenda mbele na kurudi nyuma kidogo. Gia inayoruka yenyewe kutoka ukiachia mafuta haina maelezo mazuri.

Madoa kwenye dari, harufu ya ukungu

Paa linalofunguka ndilo raha ya gari hili na ndilo linaloliua. Ili kulitengeneza, fundi alikata bati na wakati mwingine mihimili inayoshikilia paa, akaweka fremu, mipira na bawaba. Vumbi laini la Serengeti hula mpira, jua hukausha, na mvua za masika hukamilisha.

Madoa ya kahawia yenye ukingo kwenye dari ni maji yaliyokauka na kurudi. Bonyeza dari na pembe zake kwa kidole gumba. Plaiwudi ikizama au kutoa sauti ya kubonyea, imeoza kwa ndani hata kama kitambaa kipya kimewekwa juu. Kitambaa kipya cha dari kwenye gari ambalo viti ni vya zamani kinahitaji maelezo.

Omba mpira wa maji. Funga kila kitu, kaa ndani na tochi, mwenzako amwagie kuanzia chini kwenda juu: milango kwanza, kisha madirisha, kisha mfereji wa paa, mwisho mipira ya paa lenyewe. Kwa mpangilio huo, tone la kwanza litakuonyesha linakoingilia. Akianza kumwaga juu, kila kitu kitalowa na hutajua. Kaeni robo saa au zaidi, kwani maji hupita kwenye mihimili kabla ya kudondoka mahali pengine kabisa. Kisha inua mikeka na uguse sakafu, hasa chini ya friji na nyuma ya viti vya mbele.

Silikoni mpya iliyopakwa juu ya silikoni ya zamani, tabaka juu ya tabaka, inasema kwamba uvujaji umefukuzwa mara nyingi bila kupatikana. Pitisha sumaku kwenye mfereji wa paa na pembe za kioo cha mbele, sehemu ambazo magari ya 70 hupata kutu. Sumaku isiposhika, unagusa puti. Gari lililofanya kazi pwani, au lililoingia mara kwa mara kwenye magadi ya Natron, likaguliwe hivyo hadi chini ya bodi.

Kama kuna hema juu ya paa, lifunguliwe lote. Vitone vyeusi vya ukungu kwenye mishono havitoki, na zipu iliyokufa hubadilishwa kwa shida. Halafu rudi uangalie paa chini ya hema: uzito wa hema na watu wawili waliolala, juu ya paa ambalo mihimili yake ilikatwa, huonekana kama nyufa za rangi kwenye pembe za juu za kioo cha mbele. Mimi huipa sehemu hii muda mrefu kuliko injini.

Friji haipoi, au inazima usiku

Ndiyo maana ulimwomba asiiwashe. Friji ya kompresa ya volti 12 ikianza ikiwa na joto la nje, utaanza kusikia ubaridi ndani ya saa moja. Iwashe mapema, uendelee na mengine.

Ikijizima, tofautisha betri na waya. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 au 12.7, kwenye 12.2 imebaki nusu hivi. Chini ya 12 imekwisha. Pima kwenye betri friji ikifanya kazi, kisha pima kwenye soketi ya friji. Betri ikiwa 12.5 na soketi 11.6, betri haina kosa: waya ni mwembamba mno kwa urefu wa gari, au kiungo kimeshika kutu. Zote mbili zikishuka pamoja baada ya muda mfupi, betri imezeeka.

Washa injini: betri kuu isome kati ya 13.8 na 14.4. Ya pili isipopanda, kitenganishi cha betri hakifanyi kazi. Zikipanda na kushuka pamoja hata injini ikiwa imezimwa, hakuna kitenganishi kabisa, na friji itakuachia gari lisilowaka asubuhi, katikati ya pori. Fuata waya mkubwa kutoka betri ya pili. Kusipokuwa na fyuzi karibu na betri, hiyo si ya kujadili bei tu. Irekebishwe kabla gari halijalala nyumbani kwako, kwa kuwa waya huo ukisugua kwenye bodi unawaka moto. Sola ipimwe mchana: funika paneli kwa nguo uone kama usomaji unabadilika.

Gesi ni haraka: fungua mtungi, paka maji ya sabuni kwenye regulata, mpira na maungio, tazama mapovu. Mpira uliopasuka-pasuka ubadilishwe bila mjadala. Tenki la maji lijazwe, pampu iwashwe, kisha lala chini uone linakovuja.

Tairi nene lakini zina miaka

Gari la kambi husimama sana juani, na tairi huzeeka zikiwa na meno yote. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nyufa ndogo ubavuni zinatosha kuihesabu kuwa ya kununua. Angalia na za akiba zote mbili, ambazo aghalabu ndizo kongwe kuliko zote.

Karatasi: namba iliyosagwa, jina lisilolingana

Namba ya chesisi imegongwa kwenye mhimili wa kulia wa chesisi, mbele, karibu na gurudumu. Isafishe kwa kitambaa na uisome mwenyewe, kisha uilinganishe na kibati cha ndani ya boneti na kadi ya gari au logbook. Kiungo cha kurefusha hakikaribii hapo, kwa hiyo "ilisagwa wakati wa kurefusha" si maelezo ya kweli. Hapo biashara imeisha.

Kuna mtego unaoyahusu magari haya hasa. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inatoa msamaha wa ushuru kwa magari ya utalii yanayoingizwa na kampuni zenye leseni, kwa masharti, na ushuru hudaiwa gari likiondoka kwenye matumizi hayo. Familia yako si kampuni ya utalii. Muulize mwenye gari moja kwa moja kama liliingia kwa msamaha, kisha uthibitishe kwa mamlaka ya mapato, TRA, au KRA kama ni Kenya, kabla hujatoa chochote. Vilevile gari la msafiri lenye namba za nje: liliingia kwa kibali cha muda au kwa carnet ya forodha (hati ya kuingiza gari kwa muda bila kulipa ushuru), na haliwi lako mpaka forodha imalizwe.

Angalia pia kama lina deni. Kenya, rekodi ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) huonyesha mmiliki mwenza, mara nyingi benki. Tanzania, mtu anayekuonyesha nakala ya kadi na kusema halisi "iko ofisini" aende kuileta. Faini za barabarani ziangaliwe kwa namba ya gari, na za gari lako pia, maana naye ana haki ya kujua.

Kugeuza orodha kuwa hela

Usitaje kiasi unachoongeza kabla ya ukaguzi kuisha. Andika kila kasoro, mpe fundi wako aweke bei ya kipuri na ya kazi, kisha toa jumla kwenye tofauti mliyokuwa mnaifikiria. Akisema, "Ndugu yangu, nitakutengenezea baadaye," mwambie atengeneze kwanza, utarudi kukagua.

Mkataba utaje magari yote mawili kwa namba za chesisi, kiasi kinachoongezwa, nani anahamisha umiliki wa lipi na kufikia tarehe gani, na usainiwe mbele ya wakili. Magari yakabidhiwe siku moja. Na vifaa viorodheshwe kimoja kimoja: friji na namba yake, hema na godoro, mtungi na regulata, jeki ndefu, koleo, tairi mbili za akiba, spana ya gurudumu, na funguo zote, pamoja na ile ya kifuniko cha tenki la pili.